VIJANA WETU NA MZIGO WA MOYO: NAMNA YA KUENDESHA KIKUNDI CHA KUSAIDIANA



Ndugu wasomaji, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo huku kwetu huuliza swali moja mara kwa mara: "Tuna vijana wenye shida. Tumewaombea, tumewapa mawaidha, wengine tumewalipia hata karo. Mbona bado wako vile vile?" Makala hii inajaribu kujibu swali hilo.

Jibu kwa ufupi ni hili: kijana mwenye mzigo moyoni husaidika sana akikaa kila wiki na wenzake wachache wenye mzigo kama wake, mahali palipo salama, pamoja na mtu mzima anayejua kusikiliza. Hiyo ndiyo tunaita kazi ya kikundi. Si kazi ya madaktari wa Nairobi peke yao. Mwalimu, katekista, mama wa jumuiya ama mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuifanya, mradi amefundishwa na anafuata utaratibu.

VIJANA TUNAOWASEMA

Ukitoka Kitale kupitia Endebess hadi mpakani Suam utawaona. Ni vijana wa kati ya miaka 12 na 18. Yuko yatima anayeishi na nyanya yake, na nyanya mwenyewe hana nguvu ya kulima. Yuko mvulana aliyeacha shule, anapalilia mahindi ya watu kwa kibarua ama kubeba magunia mpakani. Yuko msichana aliyejifungua akiwa shuleni. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 unamruhusu kurudi darasani, lakini anaona aibu. Yuko mwingine aliyetoroka nyumbani akiogopa kukeketwa, ingawa sheria ya mwaka 2011 inakataza jambo hilo. Na mitaani Kitale wako wale wanaonusa gundi, ambao tumewazoea kuwaita machokoraa, kana kwamba hawakupewa majina walipobatizwa.

Tusisahau wazazi wao pia. Sehemu zetu za Trans Nzoia, Bungoma na Mlima Elgon zilipata mapigano ya ardhi mwaka 1991 na 1992. Mlimani watu waliteseka tena kati ya 2006 na 2008, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 familia nyingi zililala kwenye mahema. Waliokuwa watoto wakati huo ndio wazazi wa leo. Wengine hawajawahi kumweleza mtu yeyote walichokiona. Mzazi aliyefunga moyo wake kwa miaka mingi hupata shida kumfundisha mtoto kufungua wake.

AFYA YA AKILI SI WAZIMU

Watu wengi wakisikia "afya ya akili" hufikiria mtu anayetembea uchi sokoni. Kumbe afya ya akili ni jambo la kila mtu. Ni uwezo wa kuvumilia mikiki ya kila siku, kupendana na watu, kufanya kazi na kutazamia kesho. Kama vile mwili unavyoweza kupata homa, moyo na akili navyo huweza kuugua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Basi katika kwaya ya vijana 28 tunaweza kutazamia wanne, na kwa vijana walioonja kifo, njaa na kipigo hatuwezi kutegemea hesabu iwe ndogo.

Kijana mara nyingi hatasema "nina huzuni." Lugha zetu za nyumbani husema moyo unauma, kichwa kinajaa, mawazo ni mengi, siku hizi vijana husema wana stresi. Tuangalie dalili hizi, hasa zikidumu zaidi ya wiki mbili:

- Amejitenga na wenzake, hata mpira ama kwaya hataki tena.
- Halali vizuri, ama analala mchana kutwa.
- Hali chakula, ama analalamika tumbo na kichwa lakini zahanati hawaoni ugonjwa.
- Amekuwa mkali, anapigana kwa jambo dogo. Hii huonekana zaidi kwa wavulana, nasi huiita utundu.
- Ameanza busaa, chang'aa, bangi ama gundi.
- Anasema maneno kama "mimi ni mzigo tu" ama "heri nisingezaliwa."

KWA NINI KIKUNDI?

Wazee wetu walijua maana ya rika. Kwa Wabukusu, wanaume waliotahiriwa msimu mmoja huitana bakoki, na wana haki ya kuambiana ukweli ambao mtu mwingine hawezi kuusema. Wasabaoti na Wapokot nao wana marika yao. Isitoshe, mzee wa Kibukusu mwenye heshima akifa, yuko mtu maalum anayesimama mbele ya watu baada ya mazishi na kuwafariji kwa maneno mazito. Kazi hiyo huitwa khuswala kumuse. Kwa hiyo kufarijiana mbele ya watu si jambo la kizungu. Shida ni kwamba faraja kubwa namna hiyo hufuata kifo cha mzee. Msichana wa miaka 13 aliyefiwa na mama, mazishi yakiisha watu wanaenda zao, yeye anabaki na sufuria za kuosha na wadogo zake wa kulea.

Kikundi kidogo kinafanya kazi nne ambazo mawaidha hayawezi:

1. Kinavunja upweke. Kijana hudhani yeye peke yake ndiye aliyepatwa. Akisikia mwingine akisema jambo kama lake, mzigo unapungua papo hapo.

2. Kinampa nafasi ya kusaidia. Yule aliyezoea kupokea msaada, leo anamfariji mwenzake. Hapo anagundua kwamba na yeye ana kitu cha kutoa.

3. Kinasahihisha mawazo. Tuchukue mfano wa mvulana anayesema, "Mama alikufa kwa sababu sikwenda kuita gari mapema." Mtu mzima akimwambia "usiseme hivyo, ni mapenzi ya Mungu," ananyamaza lakini bado anajilaumu. Lakini mwenzake akimwuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi? Ilikuwa saa ngapi? Gari lilikuwa wapi?" naye akajibu mwenyewe kwamba alikuwa na miaka tisa, usiku, mvua inanyesha, barabara ni matope, basi jibu limetoka kinywani mwake. Hilo analiamini.

4. Kinafundisha kuishi na watu. Kungoja zamu, kukubali kukosolewa, kuomba msamaha: yote hayo yanafanyiwa mazoezi pale pale.

Haya si maneno matupu. Yamepimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Bungoma na Moshi, Tanzania, yalifanywa majaribio makubwa na watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja ama wote wawili, wenye umri wa miaka 7 hadi 13. Bungoma, shirika la Ace Africa lilihusika. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari bali wenyeji waliofundishwa. Watoto walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na walezi wao wakawa na kikundi chao sambamba. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Watoto wa vikundi, wa mjini na wa vijijini upande wa Bungoma, walipona kihoro na hofu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida, na mwaka mmoja baadaye tofauti bado ilionekana. Moshi mjini nafuu ya mapema ilionekana pia, ingawa baada ya mwaka wale wengine walikuwa wamewafikia. Baada ya hapo walimu na wahudumu wa afya wa kujitolea katika Kaunti ya Bungoma walifundishwa kuendesha vikundi kama hivyo.

Kaskazini mwa Uganda, kwenye kambi za wakimbizi wa vita karibu na Gulu, vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 walishiriki utafiti uliotangazwa mwaka 2007. Wale wa vikundi vya mazungumzo walikaa sita hadi wanane, wasichana peke yao na wavulana peke yao, kwa wiki 16. Huzuni nzito ilipungua sana kwa wasichana. Kwa wavulana mabadiliko hayakuonekana wazi. Vikundi vya michezo na sanaa peke yake havikuleta tofauti hiyo. Nalo shirika la Shamiri liliwatumia vijana kuongoza vikundi katika shule za sekondari za Nairobi na Kiambu, vikao vinne tu. Wanafunzi 413 walishiriki. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba huzuni na wasiwasi vilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Tunajifunza nini? Kwanza, mtu wa kawaida aliyefundishwa anaweza. Pili, mpira na kwaya ni vizuri lakini havitoshi. Lazima maneno yatoke. Tatu, wavulana wanahitaji uangalifu wa pekee. Tukirudi kwenye hilo baadaye tutaona njia moja.

KABLA YA KUANZA

Mwenda pole hajikwai. Msiitishe vijana Jumapili baada ya Misa kwa tangazo la ghafla, halafu mkaanza. Pangeni haya kwanza:

Viongozi. Wawe wawili, si mmoja. Kikundi cha wasichana kiongozwe na wanawake, cha wavulana na wanaume. Wawe watu wasio na mdomo mwepesi, wasiokunywa, na wasio na kesi yoyote ya kudhulumu watoto. Wafundishwe kabla ya kuanza, na kila mwezi wakutane na mtu aliyesomea ushauri ili watue mizigo yao wenyewe. Anayesikiliza maumivu kila wiki bila kusikilizwa huchoka.

Wanachama. Wanane hadi kumi wanatosha. Wakizidi 12, wanyamavu hawatasema neno. Umri usiachane sana. Wa miaka 12 na wa miaka 18 hawana mazungumzo mamoja. Msichukue wenye shida nyingi peke yao mpaka kijiji kianze kukiita "kikundi cha wagonjwa." Na jina la kikundi wachague vijana wenyewe.

Mlango. Vikao viwili vya kwanza vikiisha, funga mlango: asiingie mgeni. Kijana hawezi kusema la moyoni kila wiki akiona uso mpya. Wanaotaka kujiunga wangoje kikundi kinachofuata.

Walezi. Watembeleeni nyumbani, waelezeni, wakubali wenyewe. Nyanya akidhani kikundi ni mahali pa kwenda kusema siri za boma lake, atamzuia mtoto, na ana haki ya kuuliza.

Mahali na saa. Pawe mahali ambapo watu wanaweza kuwaona lakini hawawezi kuwasikia: chini ya mti kwenye uwanja wa kigango panafaa kuliko chumba kilichofungwa. Msiweke siku ya soko. Angalieni pia kalenda ya shamba. Wakati wa kupanda, kupalilia na kuvuna mahindi vijana wa kibarua hawatapatikana asubuhi. Kutaneni jioni, lakini waachiliwe kabla ya giza.

Watu wa kutegemea. Andikeni kwenye daftari namba za afisa wa watoto, chifu, hospitali ya karibu na muuguzi ama daktari wa afya ya akili wa kaunti. Siku ya hatari si siku ya kuanza kuulizana nani ana namba ya nani.

KIKAO KIMOJA KINAVYOKWENDA

Kikao kisizidi saa moja na nusu, na kianze kwa wakati. Kaeni kwa duara, viongozi wakiwa sehemu ya duara, si mbele na meza.

1. Kukaribishana (dakika 10). Sala fupi inafaa, lakini kama wako wa madhehebu mengine ama Waislamu, mwacheni kila mmoja awe huru. Kikundi ni cha kijana yeyote anayehitaji.

2. Hali ya wiki (dakika 20). Kila mmoja aseme moyo wake uko wapi leo: bondeni, kwenye mteremko ama kilimani. Halafu aseme ni kitu gani kilimpeleka hapo. Asiyetaka kusema aseme "napita," na asilazimishwe.

3. Jambo la leo (dakika 45). Hapa njia ya Tazama, Amua, Tenda inasaidia. Wanachama wa YCS wanaijua. Iliasisiwa na padre wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, na Papa Yohane XXIII akaisifu mwaka 1961. Anzeni na mchoro ama igizo fupi: labda baba amerudi amelewa, mtoto amejificha nyuma ya choo. Tazama: ni nini kinatendeka hapa? Kwetu hutendeka? Amua: huyu mtoto anajisikiaje, na anawaza nini? Ni kweli anavyowaza? Tenda: angefanya nini, na ni nani angemsaidia? Igizo humpa kijana nafasi ya kusema habari zake kwa mdomo wa mtu mwingine mpaka atakapokuwa tayari.

4. Hatua moja (dakika 10). Kila mmoja ataje jambo moja dogo atakalojaribu wiki hii. Si "nitabadilisha maisha yangu." Bali "nitamsalimia shangazi tuliyegombana."

5. Kufunga (dakika 5). Pumueni pamoja: vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi sita, mara tano. Zoezi hili hutuliza mwili, na kijana anaweza kulifanya usiku hofu ikimjia.

MPANGO WA WIKI KUMI NA MBILI

Wiki ya 1 na 2: kufahamiana na kutunga sheria za kikundi. Ya 3: kutaja hisia kwa majina yake, kwani mvulana aliyefundishwa neno "hasira" tu ataita kila kitu hasira, hata huzuni. Ya 4: kutuliza mwili. Ya 5: jinsi wazo linavyozaa hisia, na hisia inavyozaa tendo. Ya 6 na 7: kufiwa. Ya 8: ugomvi nyumbani. Ya 9: mabadiliko ya maisha, kama kuacha shule, kuhama, kuzaa, kutahiriwa. Ya 10: upweke na namna ya kupata rafiki mwema. Ya 11: mipango ya mbele. Ya 12: kuagana, walezi wakiwepo, na chai na mandazi kama mfuko unaruhusu.

Kuhusu wiki za kufiwa, kuna somo muhimu kutoka Bungoma na Moshi. Mtoto hakulazimishwa kusimulia kifo cha mzazi wake mbele ya kundi. Habari ile nzito alimwambia kiongozi kwanza, wakiwa wawili, polepole. Nasi tufanye hivyo. Donda haliachwi bila kuoshwa, lakini halifunguliwi sokoni.

Kuhusu wavulana, wengi husema vizuri mikono ikiwa na kazi. Wapeni kitu cha kufanya pamoja wakati wa mazungumzo: kutengeneza kitalu cha miche, kushona mpira, kukarabati benchi za kigango. Wakiwa wameinama juu ya kazi, hawaangaliani machoni, na maneno yanatoka.

KIKUNDI KINA SAFARI YAKE

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Bruce Tuckman, alieleza mwaka 1965 kwamba vikundi hupitia hatua: kukutana, kuvutana, kuelewana, kisha kufanya kazi, baadaye akaongeza kuagana. Tunaitaja kwa sababu wiki ya tatu ama ya nne viongozi wengi hukata tamaa. Vijana wanachelewa, wanachekana, wawili wanataka kupigana, mmoja anasema kikundi ni upuuzi. Msivunje kikundi! Hiyo ni hatua ya kuvutana. Wanapima kama nyinyi mtawafukuza kama walivyofukuzwa kwingine. Simameni kwenye sheria walizotunga wao wenyewe, bila matusi na bila kiboko. Wakiona mmebaki, ndipo watakapoanza kusema ya kweli.

KIONGOZI ASIWE MHUBIRI

Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema: walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini amepatwa. Kiongozi akumbuke hapo. Haya ndiyo ya kufanya:

- Uliza maswali yasiyojibiwa kwa "ndiyo" ama "hapana": "Ilikuwaje?" "Ukafanyaje?"
- Rudia ulichosikia kwa maneno yako, ili ajue amesikika.
- Vumilia kimya. Hesabu hadi kumi kabla ya kukijaza.
- Akilia, mwache alie. Usimwambie "wewe ni mwanamume, nyamaza."
- Mrudishie kundi swali: "Nani mwingine amepitia hapo?"

Na haya ni ya kuacha: usilinganishe machozi ("mwenzako amefiwa na wote wawili"), usiahidi usiloweza, usitoe habari za kijana kwenye mahubiri ama mkutano wa jumuiya hata bila kutaja jina. Kijijini jina hujulikana tu.

SIRI INA MPAKA

Sheria ya kwanza ya kikundi ni kwamba yanayosemwa kwenye duara yanabaki kwenye duara. Lakini siku ya kwanza kabisa vijana waambiwe wazi kwamba mambo matatu hayafichwi: mtu akitaka kujiua, akitaka kumwumiza mwingine, ama akiwa anadhulumiwa. Hapo kiongozi atamwambia mtu anayeweza kusaidia, na kijana ataelezwa kabla ya hatua kuchukuliwa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kijana aliyenajisiwa apelekwe hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kuisha, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina muda wake. Asioge wala kufua nguo zile. Kesi ipelekwe polisi na kwa afisa wa watoto. Isimalizwe kwa mbuzi wawili chini ya mti, hata kama mkosaji ni mtu mkubwa kanisani.

Kijana akisema anataka kufa, msimwogope wala kumkemea. Mwulizeni waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo jipya, humpa nafuu kwamba kuna mtu amethubutu kuuliza. Asiachwe peke yake. Nyumbani, ondoeni ama fungieni dawa ya kuua wadudu, dawa ya kuogeshea ng'ombe na sumu ya panya. Huku kwetu kwa wakulima karibu kila nyumba ina chupa kama hiyo chini ya kitanda, na saa moja ya giza moyoni inaweza kupita kama chupa haiko karibu. Kisha mpelekeni hospitali, Endebess ama Kitale. Simu ya watoto 116 haina malipo.

Wengi huogopa kusema kwa sababu ya polisi. Ni kweli kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwa hiyo mpelekeni kijana kwa daktari. Na kwa upande wetu wa Kanisa, Katekisimu inafundisha kwamba uchungu mkubwa na msukosuko wa akili hupunguza lawama ya mtu, na tusikate tamaa juu ya wokovu wa aliyejiua. Familia iliyofiwa kwa njia hii isitengwe.

NA TUMBO JE?

Mtu anaweza kusema, "Mtoto ana njaa, wewe unamwambia apumue." Ni kweli. Kikundi si badala ya chakula, karo wala haki. Kijana anayerudi kila jioni kwenye kipigo hawezi kuponywa na mazungumzo ya Jumamosi peke yake. Ndiyo maana kikundi kifungwe na kazi nyingine za maendeleo za parokia: walezi waingizwe kwenye vikundi vya kuweka akiba, aliyeacha shule atafutiwe nafasi ya kurudi ama chuo cha ufundi, mwenye mtoto mchanga apelekwe kliniki. Kisha, wiki ya 12 ikiisha, vijana wenyewe wanaweza kuendelea kama kikundi cha kuku, cha miche ama cha akiba.

Lakini tusibadilishe utaratibu: msigawe pesa ama sare kwenye vikao. Mkianza hivyo, kila kijana atakuja na shida kubwa kuliko ya mwenzake, na walezi watahesabu vikao kwa magunia. Msaada upitie mlango wake, kikundi kibaki duara la kusikilizana.

TUANZE WAPI?

Kigango kimoja, viongozi wawili waliofundishwa, vijana wanane, wiki kumi na mbili. Gharama yake ni daftari moja, chai, na saa moja na nusu ya watu wawili kila wiki. Mtakatifu Paulo aliwaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo. Hakuwaambia wachague iliyo mizito kwa macho. Gunia la mahindi tunaliona na tunakimbia kulishika. Huu mwingine hauonekani, na kijana anaweza kuubeba kimya mpaka siku tunaitwa mazishini.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni vijana gani katika jumuiya yetu wamejitenga siku hizi? Nani alizungumza nao mara ya mwisho, na juu ya nini?
2. Tunawaita majina gani vijana wa mitaani, na waliozaa wakiwa shuleni? Majina hayo yanawafanyia nini?
3. Dawa za shamba na za mifugo zinawekwa wapi nyumbani kwetu?
4. Ni watu gani wawili kati yetu ambao vijana wanawaamini, na tutawapelekaje wakafundishwe?